Unywele wa Herufi: Mwongozo Kamili wa Kuchora na Kutumia Fonti Maridadi ya Serifi

Kadi ya kwanza ya mwaliko niliyowahi kuipanga niliipa fonti nyembamba, ya kupendeza mno. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeikuza mara nne, basi nikaona kila kitu kinang'aa. Kadi zilipotoka mashineni, majina makubwa yalipendeza kweli, lakini mstari wa tarehe na saa, wa pointi 8, mweupe juu ya zambarau iliyokoza, ulikuwa umekatikakatika. Herufi e imekuwa c. Herufi h imekuwa vijiti viwili visivyojuana. Mpiga chapa hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikupima ule mstari mwembamba una unene gani.

Tangu hapo kila fonti ya serifi naianzia kwenye sehemu yake nyembamba kuliko zote. Mimi huiita unywele. Umaridadi wa fonti za namna hii unatokana na unywele huo kukaa jirani na nguzo nene, na ndiyo sehemu ya kwanza kufa mambo yakienda kombo. Kama huna nia ya kuchora, ruka hadi hatua ya 8, ingawa hesabu ya hatua ya 3 itakufaa hata wewe.

Majina kwanza, tusije tukapotezana. Serifi ni vile vikanyagio vidogo kwenye ncha za herufi, vinavyoifanya l isimame kana kwamba ina nyayo. Nguzo ni mstari mnene. Shingo ni sehemu inayopanda juu kwenye b, d na k. Mkia ni ile inayoshuka kwenye g, p na y. Kimo cha x ni urefu wa herufi zisizo na shingo wala mkia, kama a, n na o. Tumbo ni duara la b au a pamoja na uwazi wake wa ndani.

Hatua ya 1: Chagua ukoo

Fonti za serifi zina koo nyingi, lakini zinazosifiwa kwa umaridadi zinatoka hasa kwenye tatu.

Ukoo wa kwanza ulizaliwa Venice mwishoni mwa karne ya 15, Francesco Griffo alipomchongea herufi mchapishaji Aldus Manutius, kisha ukakomaa Paris mikononi mwa Claude Garamond karne iliyofuata. Herufi zake bado zinakumbuka kalamu: o imeinama kidogo kushoto, serifi zinaungana na nguzo kwa mkunjo laini, na unywele wake si mwembamba sana. Wa pili ni wa John Baskerville wa Birmingham, katikati ya karne ya 18. Huyu alinyoosha o ikasimama, akaongeza tofauti kati ya nene na nyembamba. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alibadili pia vifaa: alitumia karatasi laini, akatengeneza wino mweusi zaidi, na kurasa zilizokwisha kuchapwa akazigandamiza kwenye mabamba yenye joto. Kwenye karatasi ya kukwaruza ya siku zile unywele wake usingeonekana. Wa tatu ni wa Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma, kuelekea mwisho wa karne hiyohiyo. Hapo unywele umekonda hadi karibu na kutoweka, nguzo zimenenepa, na serifi ni vistari bapa visivyo na mkunjo.

Ukoo wa tatu ndio unaowavuta wengi, maana kwa mbali unaonekana kama kazi ya rula na bikari. Usianzie hapo. Herufi zake hazina pa kuficha kosa, na kijipindo kidogo tu kinaonekana kama kovu. Chora kwanza ya ukoo wa Garamond.

Hatua ya 2: Shika kalamu ya ncha bapa

Kabla ya kufungua programu yoyote, tafuta kalamu ya ncha bapa, hata penseli mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Ishike kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi kutoka kwenye mstari wa msingi, ule ambao herufi zinausimamia, usiizungushe, uandike a hadi z mara kadhaa. Huhitaji mwandiko mzuri. Unachotafuta ni kuona mwenyewe unene unaangukia wapi: mkono ukishuka kwenda kulia mstari unanenepa, ukipanda kwenda kulia unakonda.

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa. Katika A, mguu wa kushoto ni mwembamba na wa kulia ni mnene. Katika V ni kinyume chake. U ina nguzo nene kushoto na nyembamba kulia. W inakwenda nene, nyembamba, nene, nyembamba. N ndiyo inayodanganya kuliko zote: miguu yake miwili iliyosimama ni myembamba, na ule mstari wa kukingama ndio mnene. Nimeshaona nembo za gharama zenye A iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Msomaji asiyejua chochote kuhusu fonti hawezi kukwambia kasoro iko wapi, lakini jicho lake linakwama palepale.

Hatua ya 3: Weka vipimo, kisha fanya hesabu ya unywele

Fungua programu ya kuchorea fonti. FontForge ni ya bure. Glyphs na FontLab ni za kulipia. Mraba wa herufi, lile boksi la kufikirika ambamo kila herufi huchorwa, kwa kawaida hugawanywa katika vizio 1,000, na kwa fonti maridadi ya kusomea unaweza kuanza na vipimo hivi: kimo cha x 410, herufi kubwa 650, shingo 720, mkia 250 chini ya mstari wa msingi, nguzo ya herufi ndogo 78, ya herufi kubwa 88, unywele 30. Si amri. Ila angalia kwamba shingo inazipita herufi kubwa. Kimo cha x kilicho kifupi pamoja na shingo ndefu ndivyo vinavyoleta ule mwendo wa madaha.

Sasa hesabu. Pointi 1 ni milimita 0.353. Fonti ikipangwa kwa pointi 10, mraba wake wote ni milimita 3.53, na unywele wa vizio 30 ni milimita 0.106. Mashine ya chapa inaumudu, kwa kuwa kiwango cha chini ambacho wapiga chapa wengi hukubali ni robo pointi, yaani kama milimita 0.09. Unywele wa vizio 15, ule wa ukoo wa tatu, kwa pointi 10 unabaki milimita 0.053. Huo hautoki salama. Ukiupeleka kwenye pointi 60, unakuwa milimita 0.32 na unasimama imara. Ile kadi yangu ilikuwa na unywele wa vizio 12 kwa pointi 8: milimita 0.034. Ningefanya hesabu hii ya dakika moja, kadi zisingerudiwa.

Hatua ya 4: Chora n na o, halafu uhamie kwenye a

Usichore kwa mpangilio wa alfabeti. Anza na n na o. Kutoka kwenye n utapata h, m, u na r. Kutoka kwenye o utapata c, e, d, b na p. Hakikisha o inapita kidogo mstari wa msingi na kimo cha x, kama vizio 10 juu na 10 chini. Ukiiweka sawasawa na n, itaonekana imenywea, kwa sababu duara hugusa mstari kwa nukta moja tu. Pointi za mchoro, zile nukta zinazoushika mstari kwenye programu, ziweke kwenye kilele cha kila mkunjo, juu, chini, kushoto na kulia, na uzitumie chache iwezekanavyo.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye a, na ukae nayo. Mafunzo mengi huiacha hadi baadaye, lakini mafunzo hayo yameandikwa na watu wa lugha nyingine. Chukua sentensi hii: Wanawake wawili walikaa kando ya barabara wakitazama mawingu. Ina herufi 53, na 18 kati ya hizo ni a. Theluthi nzima! Anayechora fonti ya kusomea Kiswahili, a ndiyo rangi ya ukurasa wake.

Itazame kwa karibu. Ina kichwa kinachojikunja juu na kuishia kwa tone, ina nguzo upande wa kulia, ina tumbo chini, ina kijimkia kinachoaga. Tumbo linaungana na nguzo mahali pawili, na pote pawili ni unywele. Ukilikuza tumbo mno, a inakuwa nzito kama mtu aliyeshiba. Ukilibana mno, kama herufi nyingi za ukoo wa Garamond zinavyopenda, uwazi wake unajaa wino fonti ikipunguzwa. Mimi huanza na tumbo linalofika juu kidogo ya nusu ya kimo cha x, kisha napunguza kwa jicho. Na kile kiungo cha juu nakiingiza kwenye nguzo kwa pembe kali, uwazi uchimbe ndani kidogo, ili wino ukitanuka upate pa kuingia.

Kisha andika kaa, taa, saa, wakaazi. Kijimkia cha a ya kwanza kisiliparamie tumbo la a ya pili. Kikiparamia, kifupishe mkia. Usipanue nafasi, maana utaharibu kila neno lingine.

Herufi q na x zichore mwisho kabisa. Zitahitajika kwa majina ya kigeni, lakini haziwezi kukudai wiki nzima.

Hatua ya 5: Serifi

Serifi zisinakiliwe kama muhuri. Mguu wa n una serifi pande zote mbili, lakini zile za ndani zifupishe kidogo, la sivyo zitakaribiana na kuufunga mlango wa herufi. Chini ya nyayo weka ubonyeo mdogo sana, vizio 3 au 4, kama nyayo ya mtu: kwa ukubwa unaonekana, kwa udogo hauonekani bali unahisiwa. Serifi za juu za b, d, h na l ziwe na mteremko wa bendera, kwa sababu hapo ndipo kalamu inapotua kwanza. Unene wa ncha ya serifi ufanane na unywele wako. Mmoja ukizidi mwingine, herufi inaonekana imeazima viatu.

Hatua ya 6: Nafasi, hapo ndipo kazi ilipo

Fonti yenye herufi za wastani na nafasi nzuri inasomeka. Fonti yenye herufi za ajabu na nafasi mbovu haisomeki. Ningeulizwa nigawe muda, nusu ningeipa hatua hii.

Pima upana wa uwazi ulio ndani ya n. Pande za n zipe kila moja pungufu kidogo ya nusu ya upana huo. Pande za o zipe pungufu ya hapo, maana duara lenyewe linabeba nafasi kwenye pembe zake. Andika nnnonnoonon hadi uone ukuta wa kijivu usio na shimo wala doa. Kisha ingiza herufi nyingine mojamoja katikati ya n na o.

Baadaye njoo kwenye jozi zinazohitaji kusogezwa kwa mkono. Orodha za kawaida zinaanza na AV na To. Kwetu orodha ya kweli ni hii: Wa, Ya, Va, Vy, Ta, Fa, Kw, na kwa herufi ndogo ka, kw, wa, vy, ya. Hizi k, w, v na y zina mistari ya mshazari inayoacha mianya, nazo zimejaa katika kila sentensi. Andika Wakati, Yawezekana, Vyakula, kwaya, uangalie kwa macho yaliyosinzia kidogo. Usisogeze kila jozi unayoiona. Kama zaidi ya theluthi ya jozi zako zinahitaji kusogezwa, nafasi za msingi ndizo mbovu.

Halafu kuna ng'. Fonti nyingi maridadi zina g ya matumbo mawili, yenye kijisikio kinachochomoza juu kulia. Ritifaa ikifuata inatua juu ya sikio hilohilo. Kwenye ng'ombe na kung'aa utaona vitu viwili vinagombea kiti kimoja. Isogeze ritifaa kulia kama vizio 20 na uangalie isiipotezee herufi inayofuata nafasi yake. Au chora ng' kama herufi moja, sikio likiwa limefupishwa. Na ritifaa iwe ile iliyojipinda kama koma iliyopaa. Kile kijiti kilichonyooka cha kibodi, katikati ya fonti yenye madaha, ni kama msumari ukutani.

Hatua ya 7: Pacha, tarakimu, mlazo

Andika rafiki, safi, fikira. Ncha ya f imegongana na nukta ya i? Chora fi kama herufi pacha. Pacha za fl na ff zinaweza kungoja, hatuna kazi nazo sana.

Tarakimu chora aina mbili: zinazosimama sawa kwa ajili ya majedwali, na zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo kwa ajili ya aya. Mwaka 1847 ukiandikwa kwa tarakimu zilizosimama katikati ya aya unapiga kelele. Kwa zile nyingine unapita kimya.

Herufi za mlazo, yaani italiki, si herufi zilizosukumwa zikainama. Ni mwandiko mwingine kabisa, ule ambao Aldus Manutius alianza kuchapa nao vitabu vidogo mwaka 1501. Herufi a inapoteza kichwa inabaki na tumbo na nguzo, f inapata mkia, kila kitu kinabanwa. Kompyuta ikiinamisha zile za kawaida, unywele wa upande mmoja unakonda na wa upande mwingine unanenepa. Kama huna muda wa kuchora mlazo, toa fonti bila mlazo.

Hatua ya 8: Chagua fonti kwa ukubwa utakaoitumia

Sasa wewe uliyeruka hapa, karibu. Swali la kwanza si fonti gani ni nzuri. Swali ni: itasimama kwa ukubwa gani, juu ya kitu gani?

Kwa kitabu au jarida, pointi 10 hadi 12, tafuta unywele unaostahimili. EB Garamond ya Georg Duffner, iliyotokana na karatasi ya sampuli ya mwaka 1592, ni ya bure na inatosha kwa kazi nzito. Kwa vichwa vya habari na majalada, kuanzia pointi 30 hivi, unaweza kuita Playfair Display au Cormorant, nazo ni za bure. Cormorant naipenda sana, na ndiyo maana inaniuma kuiona imepangwa kwa pointi 9: kimo chake cha x ni kifupi na unywele wake ni wa jukwaani.

Skrini ina hesabu yake. Maandishi ya pikseli 16 yenye unywele wa vizio 30 yanaupa unywele nusu ya pikseli. Skrini haiwezi kuwasha nusu, kwa hiyo inapaka kijivu. Simu zenye msongamano wa pikseli mara tatu zinaupa pikseli moja na nusu, hapo ni salama. Lakini msomaji wako si lazima awe na simu hiyo. Georgia, aliyoichora Matthew Carter kwa ajili ya skrini za miaka ya 1990, ina kimo kikubwa cha x na unywele mnene kwa sababu hiyohiyo. Si ya madaha kama Garamond, lakini haijawahi kuniangusha.

Maandishi meupe juu ya rangi nzito yaongezee unene hatua moja, na unywele usipungue nusu pointi kwenye karatasi, kwa sababu wino wa pembeni huvamia. Kama rangi ya nyuma inatokana na wino nne, wino moja ikiyumba kidogo unywele umekwisha.

Hatua ya 9: Panga ukurasa wa Kiswahili

Mstari uwe na herufi 45 hadi 75, nafasi zikiwemo. 66 ni kipimo kizuri. Nafasi kati ya mistari iwe asilimia 125 hadi 140 ya ukubwa wa fonti, na shingo zikiwa ndefu iongeze kidogo.

Tatizo letu ni maneno marefu. Neno kama wanaotutegemea likikataa kukatwa mwishoni mwa mstari, ukurasa ulionyooshwa pande zote mbili unatoboka mashimo meupe. Programu nyingi hazijui kukata Kiswahili, na zikipewa kanuni za Kiingereza zinakata ovyo. Una njia mbili. Acha upande wa kulia uchezecheze, au kata kwa mkono: kata baada ya irabu, wa-na-o-tu-te-ge-me-a, usitenganishe ch, sh, ny wala ng', na mb au nd ziende pamoja na silabi inayofuata. Usiiache m ya mtu peke yake mwishoni mwa mstari.

Vichwa vya herufi kubwa tupu vipe nafasi ya ziada, asilimia 5 hadi 10, kwa sababu herufi kubwa zimepimwa kukaa karibu na ndogo. Herufi ndogo usizitanue kamwe.

Hatua ya 10: Mahali pake, na mahali pasipo pake

Fonti hii inafaa vitabu, mialiko, majalada, vyeti, nembo za kitu kinachotaka kuonekana kina umri. Haifai kibao cha barabarani, fomu ya kujaza, maelezo ya dawa kwenye chupa, wala vitufe vya programu ya simu. Hapo ipe kazi fonti isiyo na serifi, na uiache ile maridadi kwenye kichwa. Ukioanisha fonti mbili, linganisha kimo cha x. Ndicho kinachogomba kwanza. Fonti mbili maridadi za serifi kwenye ukurasa mmoja ni bi harusi wawili kwenye sherehe moja.

Ukimaliza, weka fonti ndani ya faili la PDF, maandishi meusi yawe wino mweusi peke yake bila kuchanganywa, na soma leseni: fonti kuwa bure kupakua si ruhusa ya kuitumia kibiashara, ingawa zile tatu za bure nilizozitaja zina leseni huria inayoruhusu. Kisha chapa ukurasa mmoja kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ileile itakayotumika. Usiutazame kwenye kompyuta tena. Chukua kioo cha kukuza, tafuta e iliyo ndogo kuliko zote kwenye ukurasa huo, uangalie kama mstari wake wa katikati bado upo.